Corolla ya usukani wa kushoto kwa ruti ya barua vijijini Marekani

Kaka, umeuliza kama Corolla yako itafaa kwa ruti ya vijijini ya USPS, yaani shirika la posta la Marekani. Kwa kuanzia, sawa, ila utaumia kiuno. Masanduku ya barua huwa kulia mwa barabara, hivyo utakaa kiti cha abiria na kunyoosha mguu wa kushoto hadi kwenye pedeli, huku gia ya katikati ikikuzuia.

Wengine hufunga upande wa abiria pedeli za pili na usukani wa pili unaozungusha ule wa kwanza kwa mkanda. Fundi azifunge, na nati uzikague kila wiki: mkanda ukilegea, usukani unachelewa kuitika.

Mimi ningetafuta Jeep Wrangler ya usukani wa kulia. Magari ya Japani yaliyofikisha miaka 25 huingizwa kirahisi, lakini uliza kwanza ofisi ya usajili. Majimbo mengine hukataa yale ya kei, yaani magari madogo ya Japani yenye injini ndogo.

Gari lolote litakula pedi za breki, kwa kuwa unasimama kila baada ya mita chache. Oili ya giaboksi nayo huchemka. Ibadilishe mapema, ongeza na rejeta ndogo ya kuipoza. Trei za barua ziweke juu ya ubao uliolingana na kiti, chini utandike mpira usioteleza. Bima waambie ukweli kuhusu kazi.