Je, Ninaikosea Haki Riwaya Hii Mpya?

SWALI: Ndugu Mhariri, naipenda mno The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, hasa kwa jinsi inavyomwacha Offred, mwanamke anayeisimulia, akiingia katika gari jeusi bila sisi kujua kama anaokolewa au anakamatwa. Juzi nimeusoma mwendelezo wake, The Testaments, karibu bila kupumzika, lakini nilipoumaliza nilijihisi nimenyang'anywa kitu. Je, ninaikosea haki riwaya hii?

JIBU: Ndugu msomaji, huikosei. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1985 na ya pili mwaka 2019, na katika miaka hiyo 34 kila msomaji alibaki kumkisia Offred hatima yake. Hata wasomi wa mwaka 2195, ambao kongamano lao linakifunga kitabu kile, wanaichambua sauti yake iliyonaswa katika kanda wasijue alikoishia. Kutojua huko ndiko kulikotuonjesha Gilead yenyewe, dola ya kidhalimu inayowakandamiza wanawake katika riwaya hizi, kwani utawala wa namna ile humfuta mtu hata kifo chake kisijulikane. Mwendelezo unapowakutanisha mabinti wawili na mama yao, ambaye dalili zote zaonyesha ndiye Offred ingawa hatajwi kwa jina, hofu ile inayeyuka. Safari yenyewe ya kutoroka nayo naiona nyepesi kupita kiasi, maana Gilead tuliyoizoea isingewaachia wasichana wale wapite.

Hata hivyo, Lydia, mwanamke aliyewasimamia na kuwaadhibu wanawake wenziwe kwa niaba ya Gilead, ni habari nyingine. Zamani tulimjua kwa kumbukumbu za Offred tu, yaani kwa macho ya aliyeteswa. Katika mwendelezo anaandika mwenyewe kwa siri na kuzificha kurasa zake ndani ya kitabu kilichochongwa katikati. Alikuwa jaji, akafungiwa uwanjani pamoja na wanawake wengine, akatiwa kizani peke yake na kupigwa, kisha akapewa bunduki awalenge wanawake wenziwe, naye anakiri kwamba alifyatua. Simulizi hiyo ya mtu aliyeusaidia udhalimu kusimama na baadaye akaupangia maangamizi yake, riwaya ya kwanza isingeweza kutupa. Kitabu hiki kiligawana Tuzo ya Booker ya mwaka 2019 na riwaya ya Bernardine Evaristo, lakini tuzo haimlazimishi mtu kupenda.

Ningekushauri uzisome tena sura za Lydia peke yake, mfululizo, ukiziruka za wasichana. Zote zina kichwa kimoja, kwa hiyo hazitakupotea.