Si kila mwenye suti Erbil ni balozi

Msomaji wa Morogoro amekutana na habari iliyoanza hivi: "Balozi wa Marekani nchini Kurdistan amekutana na viongozi wa Erbil." Anauliza: ni "nchini" au "jimboni"?

Ni jimboni. Kurdistan inayosemwa hapo ni jimbo la Iraq lenye mamlaka ya kujiendesha, mji wake mkuu ni Erbil, na Katiba ya Iraq ya 2005 inalitambua katika ibara ya 117. Msiliite mkoa pia, maana ndani yake mna mikoa: Erbil, Dohuk, Sulaymaniyah, Halabja.

Sasa turudi kwa neno ambalo msomaji amelipita bila hata kushtuka: balozi. Tumelichezea mno neno hili. Tuna balozi wa nyumba kumi, huyo nimemzoea, naye angalau hugonga muhuri. Tuna balozi wa sabuni, balozi wa mbio za hisani, balozi wa kinywaji cha kuongeza nguvu. Nimewavumilia wote. Ila katika habari za kimataifa uvumilivu wangu unafika ukingoni, kwa sababu huko neno moja linaweza kuzaa nchi ambayo haipo.

Asili yake kwa ufupi: Waveneti walimwita mjumbe wao wa Istanbul bailo, Waturuki wakasema balyos, Waarabu wakalisafirisha hadi kwetu. Kuna mjuzi atakayenikumbusha kwamba Baghdad ya zamani neno hilohilo lilimtaja mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa na kazi za kikonseli, yaani za kuhudumia raia na biashara za nchi yake. Kweli kabisa, na haimsaidii mwandishi wetu hata chembe.

Balozi hapatikani kwa kupanda ndege tu. Kwanza nchi inayomtuma huomba ridhaa ya nchi mwenyeji. Kisha hupewa hati za utambulisho, naye huziwasilisha kwa mkuu wa nchi mwenyeji. Balozi wa Marekani huzipeleka Baghdad, kwa Rais wa Iraq. (Tangu Jalal Talabani alipochaguliwa 2005, kiti hicho kimekaliwa na Wakurdi, lakini hupokea hati kwa niaba ya Iraq, si ya Kurdistan.) Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema uhusiano wa kidiplomasia ni wa nchi na nchi, kwa makubaliano yao. Jimbo halimo.

Aliyeko Erbil, ambako Marekani ilifungua ofisi yake 2011, ni konseli mkuu. Njia yake ni nyingine: huja na hati ya uteuzi, na serikali kuu ya nchi mwenyeji, yaani Baghdad, ndiyo humpa idhini ya kuanza kazi. Anaweza kunywa chai na Waziri Mkuu wa jimbo kila wiki, wakazungumzia mafuta, Peshmerga (wapiganaji wa Kikurdi) na viza, na bado asiwe balozi.

Kinachonishangaza ni kwamba neno tunalo! Muulizeni Mzanzibari. China ina ofisi Unguja, na mkuu wake, konseli mkuu kama yule wa Erbil, huitwa balozi mdogo, ilhali balozi mwenyewe yuko Tanzania Bara. Mambo ya nje ni ya Muungano, na kila mtu Darajani analijua hilo. Mhariri anayeandika "balozi mdogo" kwa Unguja bila kufikiri mara mbili, akifika Erbil kidole kinamteleza, "mdogo" linaanguka, na "nchini" linapanda juu yake.

Upande wa pili ni uleule. Ofisi ya Kurdistan mjini Washington si ubalozi, ni ofisi ya uwakilishi. Mkuu wake ni mwakilishi, hapeleki hati Ikulu ya Marekani, na ofisi imesajiliwa chini ya sheria ya Marekani ya 1938 ya mawakala wanaowakilisha maslahi ya kigeni. Wakurdi wenyewe wako makini: chombo chao cha mambo ya nje wamekiita Idara ya Uhusiano wa Nje, si wizara. Wanajua bei ya maneno. Septemba 2017 walipiga kura ya maoni, zaidi ya asilimia 90 wakataka uhuru. Baghdad ikafunga viwanja vya ndege vya Erbil na Sulaymaniyah kwa safari za kimataifa, na Marekani, rafiki wa tangu 1991, haikuitambua kura ile. Kisha chumba chetu cha habari kinawapa uhuru bure, kwa neno "nchini".

Basi, msomaji wangu, sentensi iwe: "Konseli mkuu wa Marekani mjini Erbil amekutana na viongozi wa Jimbo la Kurdistan, Iraq." "Balozi mdogo" pia nakubali, mradi "mdogo" lisikatwe ili kichwa cha habari kienee.

Kuna hali moja tu ya kuniponyoka: mtu aliyewahi kuwa balozi kwingine na bado anaitwa hivyo kwa heshima, kama tunavyowaita wastaafu wetu. Huyo mwandikeni "Balozi Fulani, konseli mkuu wa Marekani, Erbil". Na mikato hiyo miwili msiile.