Pikipiki kubwa ikikulalia mchangani ukiwa peke yako

Mkuu, umeuliza mtu afanyeje pikipiki kubwa ikianguka kwenye mchanga wa korongo huko Bahi na hakuna wa kumsaidia. Zima swichi, angalia kama petroli inavuja, halafu vua helmeti unywe maji. Kwa jua la Dodoma la mwezi wa kumi, ukikurupuka unaumia mgongo bure. Shusha mizigo yote.

Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kuinyanyua, la sivyo utaisimamisha na kuiangusha upande wa pili. Weka gia isitembee. Kata usukani hadi mwisho, ule upande ulio chini usogee karibu na tangi. Sasa ipe mgongo: makalio kwenye ukingo wa siti, chuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria. Sukuma kwa miguu, hatua ndogondogo za kinyumenyume, mgongo umenyooka. Bodaboda wanainyanyua tu kwa mikono, lakini ile yao ni ya kilo mia na kitu; Africa Twin, ile kubwa ya Honda, inapita kilo 220.

Ikigoma kuwaka, zima funguo kabisa uwashe upya, maana nyingi za injekta (zisizo na kabureta) zina sensa inayokata injini pikipiki ikilala. Na ukirudi, legeza kidogo nati zinazoshika mkono wa klachi na wa breki. Ukianguka tena, heri mkono uzunguke kuliko ukatike, maana spea ya pikipiki hizo kwa Dodoma utaishia kuagiza.