Kuchora simba yuleyule kila siku: jibu kwa mchoraji wa Arusha

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kwa miaka sita umekuwa ukiwachorea watalii hapa Arusha simba na twiga walewale, na kwamba picha zinauzika lakini ukishika brashi unahisi mkono unafanya kazi peke yake. Nimekuelewa, kwani nami nilipita hapo nikiwa Moshi.

Usiache picha za soko, maana ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Tenga tu asubuhi moja kwa wiki kwa ajili ya picha isiyouzwa. Mimi nilianza na mikono ya mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi za mtori katika soko la Mbuyuni: kucha zilizoingia utomvu mweusi, na kisu kilichonolewa hadi kikabaki chembamba. Nilipompelekea picha ile aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kidole kile kilichopinda ni cha marehemu mama yake kabisa. Tangu siku hiyo nilijua ninamchorea nani.

Usisubiri turubai za bei kubwa. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao mwembamba wa hardboard na rangi ya baiskeli. Omba ruhusa kabla ya kumchora mtu, na mkubaliane mapema iwapo picha itauzwa.

Hata hivyo, ikiwa utupu huo unakufuata hadi nyumbani, na usingizi na hamu ya kula vimepungua kwa zaidi ya wiki mbili, tafadhali mwone daktari au mshauri nasaha bila kuchelewa.