Sakafu ya Sebule Iliyojaa Mbao

Nyumba tunayoishi hapa Moshi ilijengwa na marehemu baba mkwe, ambaye alikuwa seremala, na sebule yake inalitangaza jambo hilo kabla mgeni hajakaa. Dari ni ya mbao za paini ambazo vanishi yake imegeuka rangi ya asali kwa uzee, kuta mbili zimepigwa mbao hadi usawa wa kiuno, na milango, fremu za madirisha na kabati la ukutani vyote ni vya mninga. Sakafu pekee ndiyo iliyokuwa ya saruji, nayo ilikuwa imepakwa polishi nyekundu na kujaa nyufa. Tulipopata fedha za kuibadilisha, mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuchagua, na chaguo langu la kwanza lilikuwa baya.

Nilinunua vigae vyenye sura ya mbao, vile vipande virefu vya sentimita 20 kwa 120, kwa sababu nilidhani kwamba sakafu inapaswa kufanana na vilivyomo chumbani. Kila kigae kilikuwa kizuri kikiwa peke yake dukani. Fundi alipomaliza kazi, mama yangu mzazi alikuja kututembelea, akasimama mlangoni, akatazama juu na chini, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mmehamia ndani ya kasha?" Nilicheka, lakini kuanzia siku ile sikuweza tena kuiona sebule kwa namna nyingine. Mninga halisi na mbao ya kuchapwa vilikuwa vinaumbuana, kwa kuwa mchoro wa vigae ulijirudia kila baada ya vipande vichache na kuonyesha wazi kwamba ni bandia.

Wapo walionishauri nipake mbao zote rangi nyeupe. Nilikataa, na bado ningekataa, kwa sababu mninga ni mbao ya thamani, na rangi ikishaingia katika vinyweleo vyake kuitoa ni kazi ya kukwangua kwa wiki nzima. Sakafu inaweza kubadilishwa bila kuigusa kazi ya marehemu, kwa hiyo nikaamua kwamba yenyewe ndiyo itakayonyamaza.

Safari ya pili sikununua chochote kabla ya kujaribu. Nilichukua vigae vinne vinne vya aina tatu, nikavipanga katikati ya sebule na kuviacha siku mbili. Vya kwanza vilikuwa vya kijivu chenye usamawati, rangi ambayo watu wengi huidhania kuwa dawa ya mbao nyingi kwa sababu ni baridi. Matokeo yake yalinishangaza: mninga, ambao una wekundu uliojificha chini ya kahawia yake, ulionekana mwekundu zaidi, na dari ikawa kama maji ya chungwa. Samawati na rangi ya chungwa ni rangi zinazokabiliana, na zikiwekwa pamoja kila moja huikoleza nyenzake. Vya pili vilikuwa vyeupe vinavyong'aa, navyo vilikuwa na kosa ambalo nisingeweza kuliona dukani, kwani viliakisi dari, tukawa na mbao juu na kivuli cha mbao chini. Vya tatu vilikuwa na rangi ya mchanga uliochanganyika na majivu, visivyo na mng'aro wala mchoro. Mbele yake mbao zilibaki mbao, na macho yakapata pa kutua.

Jambo hili wajenzi wa pwani walilijua zamani sana. Ukiingia katika nyumba ya kale ya Lamu au ya Mji Mkongwe, utakuta boriti za mikoko zimepangwa darini, mlango mzito wa kuchongwa na samani za mbao nyeusi, lakini chumba hakikulemei. Kuta za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa nyeupe, na sakafu ya asili nayo ilikuwa ya chokaa iliyoshindiliwa na kulainishwa, isiyo na michirizi. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti, na bado mtu hajisikii amefungiwa.

Neno michirizi ndilo ningependa msomaji alishike. Mbao ina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Zikiwapo darini, ukutani na mlangoni, sakafu isiongeze mistari mingine. Ndiyo maana naipenda sana terazo, ambayo imejaa katika majengo ya zamani ya Dar es Salaam: saruji huchanganywa na vipande vya marumaru, humwagwa, huachwa ikomae kwa siku kadhaa, kisha husagwa kwa mashine na maji hadi vipande vitokeze. Madoa yake hayaelekei popote. Ningekuwa najenga upya ningeichagua bila kusita, lakini kusaga terazo ndani ya nyumba yenye watu, huku tope lake likirukia kabati la mninga, ni adhabu. Saruji iliyolainishwa ni nafuu na inapendeza, ila iachwe na rangi yake. Polishi nyekundu huuamsha wekundu wa mninga. Laminati, yaani vibao vya unga wa mbao ulioshindiliwa na kuchapwa sura ya mbao, siipendekezi kwetu, kwa sababu tunapiga deki kwa ndoo na maji yakipenya kwenye maungio huvimba.

Ukichagua vigae, ambavyo wengi tunaviita marumaru hata kama havina jiwe hilo, chukua vya sentimita 60 kwa 60 ili maungio yawe machache, na grauti, yaani kijazio cha maungio, iwe ya rangi ileile ya kigae. Sebule yetu ni mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20. Katoni ya vigae vinne vya kipimo hicho hutandika mita za mraba 1.44, na ukiongeza asilimia kumi kwa ajili ya vipande vya kukatwa unahitaji katoni 16. Hakikisha namba ya rangi iliyochapwa kwenye katoni zote ni moja. Vitazame pia usiku kwa taa zako mwenyewe, kwa maana taa za dukani mara nyingi ni nyeupe za Kelvini 6,500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ilhali balbu zetu za njano ni za karibu 2,700, na rangi ya mchanga chini yake huelekea ukahawia.

Ukanda wa chini ya ukuta, ambao mafundi wanauita skatingi, tuliukata kutoka kwenye vigae hivyohivyo badala ya mbao. Vigae vya zamani tulivibandua, ingawa fundi alitaka kuvitandika vipya juu yake. Unene ule ungetulazimisha kukata milango kwa chini, na sikutaka msumeno uiguse. Juni na Julai sakafu huwa ya baridi kweli hapa Moshi. Tumetandika zulia moja la kijani kilichopauka mbele ya makochi, na mama akija huvua viatu na kuketi hapo.