Re: Rimu za Porsche 944 ya 1989 kwenye 944 ya 1984

Ndugu, umeuliza kama rimu za 944 ya 1989 zitaingia kwenye yako ya 1984. Matundu ya kufungia yataingia bila shida, zote mbili ni 5x130 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 130). Kazi iko kwenye afseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari. Kuanzia modeli ya 1987 Porsche walibadilisha jiometri ya saspensheni: rimu za zamani ni kama ET23 (afseti ya milimita 23), za baadaye ET52. Ukizifunga kavukavu, tairi itaingia ndani karibu milimita 29 na huenda ikagusa shokapu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni spesa (bamba za kuweka kati ya rimu na habu, kitovu cha gurudumu) za milimita 28 hivi, ziwe za kukaa sawasawa kwenye habu na zenye stadi (boliti za kufungia) zake. Watu huzisema vibaya, lakini hapa zinarudisha tairi pale pale saspensheni yako ilipokusudiwa, usukani hauharibiki. Angalia upana pia: rimu ikizidi ya zamani kwa inchi moja, kila upande unaongezeka milimita 12.7.

Ya pili ni kuhamisha saspensheni ya 1987 au ya baadaye, yaani mikono inayoshika magurudumu, habu na breki, mbele na nyuma, ikiwezekana kutoka gari moja. Usichanganye vipande. Mimi ningeifanya kama tu nahitaji zile breki za baadaye. Vyovyote vile, pima alaimenti (mkao wa magurudumu) ukimaliza.