Jogoo Hafi Siku ya Pigano, Hufa Siku ya Tatu

Juzi jioni nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Muheza ambaye, baada ya shikamoo na habari za mvua, alinitumia picha ya jogoo wake wa kuchi, wale kuku warefu wagomvi, aliyevimba uso upande mmoja, jicho limefumba na damu imemkaukia shingoni, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mama, nimchinje?" Alikuwa amesikia kwamba jogoo wangu Bandari, aliyepigana mwezi uliopita hadi miguu ikamkataa, sasa anawika. Ni kweli anawika. Alfajiri ya siku ya 19 tangu pigano nilimsikia kabla ya adhana, sauti ikiwa bado imepasuka, nami nikakaa kitandani nikalia, kwa sababu jogoo aliyemtangulia, Sultani, sikumsikia tena.

Ninafuga kuchi pembezoni mwa jiji la Tanga, na huu ni mwaka wa 12. Wafugaji wenzangu mnawajua kuku hawa: miguu mirefu, mdomo mfupi uliopinda, undu mdogo uliobana kichwani, na hasira isiyongoja sababu. Sultani nilimnunua akiwa na miezi minne kwa fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Siku aliyopigana, mlango wa banda ulikuwa umeachwa wazi na jogoo wa banda la pili akaingia; niliporudi kutoka sokoni niliwakuta wameegemeana shingo kwa kuchoka, kila mmoja akingoja mwenzake aanguke. Sultani alikuwa amechanika undu na damu ilikuwa nyingi, kwa kuwa ngozi ya kichwa cha kuku imejaa mishipa, nami nikadhani kwamba nikiizuia damu ile nimemaliza kazi. Nilibana jeraha kwa kitambaa, nikapaka dawa, nikamrudisha bandani. Siku hiyo alikula. Siku ya pili alisimama konani, manyoya yamemtutumka, na siku ya tatu asubuhi nilimkuta amelala kifudifudi. Nilipomgeuza niliona, chini ya bawa la kulia, tundu lisilozidi punje ya mtama, na ngozi yote iliyolizunguka ilikuwa imegeuka rangi ya kijani.

Kilichomuua ni kikwaru, ambacho wengine hukiita kipi, ile pembe iliyoko nyuma ya mguu wa jogoo. Mdomo huchana, lakini kikwaru hudunga, na jeraha lake huwa dogo juu na refu ndani, likafunga mdomo upesi na kuufungia uchafu humo humo chini ya manyoya. Tena usaha wa kuku hauchuruziki kama wa mtu au wa ng'ombe. Huganda ukawa mgumu kama jibini, kwa hiyo hauwezi kujitoa wenyewe. Ndiyo maana jogoo aliyepigana Jumatatu hula na kutembea Jumanne, mwenye nyumba akashukuru Mungu, halafu Jumatano akamzika.

Wiki ile ile, mbele ya wateja niliokuwa nimewaita kuja kuona vifaranga, mfanyabiashara mmoja wa kuchi alisema kwa sauti kwamba kuku hawa si kazi ya mwanamke, na kwamba mwanamume angemchinja Sultani siku ya kwanza akala supu. Maneno hayo bado yananiuma. Wateja wale hawakurudi.

Kwa hiyo Bandari alipopigana, jambo la kwanza nililofanya halikuwa kutafuta dawa, bali kumtafuta Bandari mwenyewe, kila sehemu ya mwili wake. Nilimfunika kanga kichwani ili atulie, nikamweka mapajani, nikaanza kwenye undu na kushuka kwa vidole, nikipuliza manyoya ili ngozi ionekane: koo, kifua, chini ya mabawa yote mawili, mgongo, mapaja, tumbo. Nilihesabu matundu saba, na manne kati yake hayakuwa yametoa hata tone la damu. Kazi hiyo ilinichukua karibu saa nzima, na kama ungeniambia nichague jambo moja tu la kumwachia kila mfugaji anayenisoma, ningekuachia saa hiyo.

Damu iliyokuwa ikitoka niliibana kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia, maana ukichungulia unaondoa donge na kuanza upya. Kisha nilichemsha lita moja ya maji, nikatia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, nikayaacha yapoe, nikasafisha kila tundu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji yakiingia na kutoka mpaka yalipokuwa meupe. Baada ya hapo nilipaka ayodini ya duka la dawa niliyoizimua kwa maji hadi ikafanana na chai ya rangi isiyokolea. Ikiachwa kali inachoma nyama inayojaribu kuota. Matundu sikuyaziba. Jicho nililisafisha kwa maji yale yale ya chumvi, nikapaka mafuta ya macho ya tetrasaiklini niliyopewa na bwana mifugo, aliyenionya kwamba mafuta ya macho yenye steroidi yanaweza kuliharibu kabisa jicho lililokwaruzwa, na kwamba dawa za ganzi za binadamu ni hatari kwa ndege. Sindano ya antibiotiki alimpiga yeye mwenyewe, akanieleza ni siku ngapi zipite kabla ya nyama yake kuliwa. Kijana wangu wa Muheza, na wewe liangalie hilo: kama umeshampa jogoo dawa, swali la kumchinja lina tarehe yake, na tarehe hiyo utaambiwa na mtaalamu.

Bandari nilimlaza ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, jikoni, mahali pakavu penye giza kiasi, nikalifunika kwa chandarua. Chandarua ni kwa ajili ya nzi, kwani katika joto letu hawachelewi kutaga kwenye jeraha na mabuu yakaonekana kesho yake, na ni kwa ajili ya mbu pia, kwa sababu mbu hueneza ndui ya kuku, na ngozi iliyochanika ni mlango wazi kwa ugonjwa huo. Siku mbili za mwanzo alikunywa maji yenye glukosi kidogo, akiyafuata mwenyewe nilipomchovya ncha ya mdomo. Msimmiminie kuku maji kinywani, nawasihi. Tundu la pumzi liko hapo hapo nyuma ya ulimi, na wengi wanaodhani wanawanywesha huwa wanawazamisha. Siku ya tatu nilimpa uji mzito wa mahindi na yai la kuchemsha. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani, na jirani akaja kusema ni mdondo, yaani kideri, lakini kuku asiyekula hutoa nyongo tupu. Alipoanza kula rangi ilirudi.

Siku ya tatu yenyewe sikulala. Nilimshika kila baada ya saa chache, nikifungua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu matundu yaliyotaka kujifunga, nikinusa, nikipapasa kama kuna donge gumu. Lilikuwepo moja pajani. Bwana mifugo alilipasua na kulitoa likiwa zima, la manjano, kubwa kama punje ya haragwe.

Sasa niseme na wale ambao majogoo wao hawakupigana kwa bahati mbaya. Mnawakutanisha kusudi jioni, mnasimama kuzunguka, mnashangilia, kisha anayeshindwa mnamtupa nyuma ya nyumba. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa, lakini hata kama isingekuwepo, mtu aliyepapasa matundu saba kwa vidole vyake hawezi tena kuyatazama mapigano hayo. Acheni.

Nasi tunaojiona wema, tusijifiche nyuma ya bahati mbaya. Mlango wa Sultani ulikuwa wangu. Majogoo wanaoonana kupitia wavu hugombana kwa macho siku nzima na kungoja nafasi, na wavu tu hautoshi. Mimi nimeweka mabati kati ya mabanda mpaka usawa wa kifua changu, yale yale ya jiko ambayo hatimaye niliyanunua. Vilevile jogoo aliyepona asirudishwe kwa mwenzake kwa kudhani wamesahau ugomvi, kwa sababu wanachosahau ni nani alikuwa mkubwa, nao wataanza kuamua upya. Bandari ana banda lake na matetea tisa.

Kwa hiyo, mwanangu, usimchinje usiku huu. Picha yako imenionyesha uso peke yake, na uso ndio sehemu ambayo kila mtu huiona. Mfunike kichwa, mlaze mapajani, inua bawa la kushoto, kisha la kulia, puliza manyoya taratibu, na unitumie picha nyingine.